Padre Aliyemwandikia Mwana wa Mfalme Kamusi

Katika kitabu cha Nehemia sura ya 8 tunasoma habari za Walawi waliosimama kati ya kitabu na watu. Ezra alikifungua kitabu cha torati mbele ya mkutano, nao Walawi wakaeleza maana yake hata watu wakayaelewa waliyosomewa. Majina yao yametajwa katika sura hiyo, moja baada ya jingine, lakini ni nani kati yetu anayeweza kuyataja bila kufungua Biblia? Tunamkumbuka Ezra. Waliofafanua maneno tumezoea kuwasahau.

Katika insha hii tunamtazama mmoja wa waliosahauliwa namna hiyo. Jina lake ni Pierre Danet, padre wa Kanisa Katoliki nchini Ufaransa, aliyefariki mwaka 1709 baada ya kutumia miaka mingi ya maisha yake kutunga kamusi za Kifaransa na Kilatini. Mtu anaweza kuuliza: sisi Walutheri tunamtafutia nini padre wa Paris wa miaka 300 iliyopita? Tunajibu kwamba tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni deni, maana kazi ya watunga kamusi imetufikia hata sisi tusiojua Kilatini. Ya pili ni kwamba maisha yake yanatuuliza swali ambalo kila anayelihudumia Neno hana budi kulijibu: kazi hii tunaifanya kwa ajili ya nani?

Njia aliyoikuta

Danet hakuwa wa kwanza kuweka Kifaransa na Kilatini katika kitabu kimoja. Zaidi ya miaka 100 kabla yake alikuwapo Paris mchapaji mmoja msomi, Robert Estienne. Mwaka 1538 Estienne alitoa kamusi ya Kilatini na Kifaransa, na mwaka 1539 akatoa ya pili iliyogeuzwa, inayoanza na neno la Kifaransa na kulitafutia Kilatini chake. Mtu huyu alichapa pia Biblia, na kwa sababu hiyo aliandamwa na wanatheolojia wa Paris hata akahamia Geneva na kujiunga na watu wa Matengenezo. Huko, mwaka 1551, alichapa Agano Jipya lililogawanywa katika aya zenye namba.

Hapo ndipo deni letu lilipo. Kila Jumapili msomaji anaposimama na kusema Yohana 3:16, anatumia hesabu ya aya iliyotoka mkononi mwa mtunga kamusi. Yule yule aliyezoea kuyapanga maneno ili mwanafunzi ayapate haraka, ndiye aliyeipanga Injili ili mkristo aipate haraka. Danet, padre Mkatoliki, alikuja kutembea katika njia iliyofyekwa kwanza na mchapaji Mprotestanti. Mambo ya namna hii yanatufundisha kutokuwa wepesi wa kusema kazi fulani ni ya kwetu na nyingine ni ya kwao.

Maisha yake

Danet aliishi wakati wa Mfalme Louis wa 14. Alikuwa paroko mjini Paris, na baadaye alipewa cheo cha abati. Lakini jambo lililoyapa maisha yake mwelekeo ni kwamba mfalme alikuwa na mtoto wa kusomeshwa. Mtoto huyo, aliyeitwa Louis kama baba yake, alizaliwa mwaka 1661, na kama mrithi wa kiti cha enzi alikuwa na cheo cha Dauphin. Mlezi wake mkuu alikuwa Mtawala wa Montausier, mtu aliyelelewa katika uprotestanti kisha akaingia Ukatoliki kabla ya kumwoa mchumba wake mwaka 1645. Mwalimu wake alikuwa Askofu Bossuet, mhubiri mashuhuri, aliyesaidiwa na msomi Pierre-Daniel Huet.

Hawa walianzisha kazi kubwa. Waliwakusanya wasomi ili waandae upya vitabu vya waandishi wa Kilatini, kila kimoja kikiwa na maelezo mepesi, maandishi ya chini ya ukurasa na orodha ya maneno mwishoni. Juu ya kila kitabu iliandikwa kwamba ni kwa matumizi ya Dauphin. Vitabu hivyo vilifika makumi, na kazi ikachukua zaidi ya miaka 20. Miongoni mwa wasomi hao alikuwapo mwanamke Mprotestanti, Anne Le Fèvre, ambaye dunia inamfahamu zaidi kwa jina la Madame Dacier, na alikuwapo padre wetu Danet.

Danet alipewa kumwandaa Phaedrus, na kitabu chake kilitoka mwaka 1675. Phaedrus alikuwa mtumwa aliyeachwa huru katika nyumba ya Kaisari Augusto, na aliandika kwa Kilatini hadithi fupi za wanyama, jamaa za hizi hadithi za sungura na fisi tulizosimuliwa na bibi zetu. Baada ya hapo Danet aligeukia kamusi. Katika miaka ya 1680 alitoa kamusi kubwa ya Kifaransa na Kilatini, kisha nyingine kubwa ya Kilatini na Kifaransa, na mwaka 1698 akatoa kamusi ya mambo ya kale ya Warumi na Wayunani, yaani desturi zao, vyeo vyao, vyombo vyao na sikukuu zao. Hii ya mwisho ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapwa London mwaka 1700.

Tunachokisifu

Mtu asiyewahi kutunga kamusi anaweza kudhani ni kazi ya kupanga maneno kwa herufi tu. Tuchukue neno letu moja, kupiga. Tunapiga ngoma, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, tunapiga chafya, tunapiga hatua, tunapiga kura. Mgeni akipewa kamusi inayosema kupiga ni kumchapa mtu basi, atashangaa sana kusikia kwamba usharika mzima umepiga magoti. Kamusi nzuri haina budi kuuliza: neno hili linaishi na nani? Likikaa karibu na hili lina maana gani, na likikaa karibu na lile lina maana gani?

Hiyo ndiyo sifa ya Danet. Hakutosheka kuweka neno moja mbele ya neno jingine. Alikusanya misemo, namna ambavyo neno husemwa hasa, na kila msemo akautafutia mwenzake katika Kilatini cha waandishi waliosifika. Kazi hiyo yataka uvumilivu wa mkulima anayepalilia mstari kwa mstari, akijua kwamba hakuna mtu atakayekuja kupiga makofi pembeni mwa shamba.

Tena tunasifu mwelekeo wa ile kamusi ya kwanza. Kamusi inayoanza na Kilatini humsaidia mtu kusoma kilichokwisha kuandikwa na wengine. Kamusi inayoanza na Kifaransa humsaidia mtoto Mfaransa kusema jambo lake mwenyewe katika lugha ya wasomi. Inamwambia mtoto: leta neno ulilo nalo kinywani, lile ulilolipata kwa mama yako, nasi tutakuonyesha mlango. Dk. Martin Luther, katika waraka wake wa mwaka 1530 juu ya kutafsiri, alifundisha kwamba mfasiri asiende kuziuliza herufi za Kilatini jinsi ya kusema, bali amsikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Danet hakuwa mwanafunzi wa Luther, lakini alipoanza na neno la nyumbani alikuwa amesimama karibu na mlango ule ule.

Tunachokikosoa

Alisimama karibu na mlango, lakini hakuingia sokoni. Hapa ndipo tunapoanza kumkosoa, na tunamkosoa kwa heshima, kama mtu anavyomkosoa mzee aliyemtangulia.

Neno la kuingilia katika kamusi yake ni la mtoto, lakini neno la kutokea ni la Cicero na wenzake peke yao. Kifaransa kinakuwa kibaraza, na Kilatini ndicho sebule. Mwanafunzi anafundishwa kwamba alichokileta kutoka nyumbani kina thamani kwa kadiri kinavyoweza kuvalishwa vazi la Roma. Na Kilatini chenyewe kilichochaguliwa ni cha wakubwa waliokufa zamani. Kile Kilatini cha baadaye, kilichobeba sala za Wakristo, mahubiri ya Augustino na malumbano ya vyuo, hakikuhesabiwa kuwa cha kuigwa na mwana wa mfalme. Ni ajabu kwamba wakleri waliomlea mkristo mdogo walimpa kama kielelezo cha usemi lugha ya Warumi wasiomjua Kristo. Sisi hatusemi walikosa imani. Tunasema kwamba urembo wa usemi unaweza kumfanya hata mtumishi wa Mungu asahau ni kitu gani usemi huo unapaswa kubeba.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Hadithi ya kwanza kabisa katika kitabu cha Phaedrus ni ile ya mbwa-mwitu na mwana-kondoo. Wote wawili wamekuja kunywa maji katika kijito kimoja, mbwa-mwitu juu na mwana-kondoo chini. Mbwa-mwitu anatafuta kisa: unanichafulia maji. Mwana-kondoo anajibu kwamba maji yanatoka kwako kuja kwangu, nitakuchafuliaje? Kisa hiki kikishindwa mbwa-mwitu anatafuta kingine, na mwisho anamla bila kisa. Phaedrus, aliyekuwa ameonja utumwa, alisema wazi kwamba hadithi hiyo ameiandika kwa ajili ya wale wanaowaonea wasio na hatia kwa visingizio.

Danet aliieleza hadithi hiyo kwa ajili ya mwana wa mfalme. Miaka 10 baadaye, mwezi Oktoba 1685, baba wa kijana huyo alifuta Amri ya Nantes iliyokuwa imewapa Waprotestanti wa Ufaransa ruhusa ya kuabudu. Mahekalu yao yalibomolewa, wachungaji wao wakafukuzwa nchini, na tayari askari walikuwa wamepelekwa kukaa katika nyumba za waumini ili kuwalazimisha waikane imani yao. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 200,000 waliikimbia nchi. Kisa kilichotolewa kilikuwa kwamba Waprotestanti wamekwisha kurudi karibu wote katika Kanisa Katoliki, kwa hiyo amri ile haina kazi tena. Ndugu wasomaji, tukitaka kujua mbwa-mwitu anazungumza namna gani anapovaa taji, kisa hicho kinatosha. Huyo Madame Dacier tuliyemtaja, yeye na mumewe waliingia Ukatoliki mwaka huo huo wa 1685.

Hatumtwiki Danet dhambi ya mfalme. Paroko mmoja na daftari zake za maneno hakuwa na uwezo wa kuzuia amri ya serikali. Lakini tunaloliona linatupa hofu. Inawezekana kuieleza hadithi ya mbwa-mwitu neno kwa neno, kila kitenzi mahali pake, katika nyumba inayoandaa chakula cha mbwa-mwitu. Inawezekana mtu akajua maana ya maneno yote na maana ya hadithi isimguse yeyote mezani. Sisi tunaosimama madhabahuni tusicheke. Tumeisoma hadithi ya Nathani na Daudi, ya kondoo mmoja wa maskini, mbele ya watu wenye mashamba ya kudhulumu, tukafafanua vizuri Kiebrania chake, kisha tukashuka mimbarani bila kusema kama Nathani kwamba mtu huyo ni wewe.

Aliyekusudiwa na waliofikiwa

Sasa tumtazame yule mwana wa mfalme mwenyewe. Malezi yake yalikuwa ya fimbo, na masomo hayakumwingia moyoni. Inasimuliwa kwamba alipoachwa na walimu wake hakuwa na hamu tena ya vitabu, akapenda zaidi kuwinda. Aliozwa mwaka 1680. Kwa hiyo kamusi ile kubwa ya Kifaransa na Kilatini, iliyotungwa kwa ajili yake, ilimkuta mtu mzima mwenye mke. Kamusi ya mambo ya kale ilipotoka mwaka 1698, nayo ikibeba jina lake, alikuwa na umri wa miaka 37. Mwaka 1711, miaka miwili baada ya Danet, alikufa kwa ndui. Baba yake alikuwa bado hai, hivyo mrithi huyo hakutawala hata siku moja.

Tukipima kwa kipimo kilichoandikwa katika ukurasa wa kwanza, basi maisha ya padre huyu yalikuwa hasara. Aliandika kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na haja ya kitabu.

Lakini kitabu hakikufuata anwani yake. Wachapaji wa Lyon walikichapa tena baada ya mwandishi kufa. Katika miaka ya 1740 kamusi ya Danet ilitoka Warsaw, ikiwa imeongezewa Kipolandi. Watoto wa wafanyabiashara, wa makarani, wa watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, waliifungua wakitafuta namna ya kusema jambo fulani kwa Kilatini, na wakalipata. Mezani alikokusudiwa mmoja walikaa wengi. Mfano wa karamu katika Luka sura ya 14 unatuambia habari ya namna hii: walioalikwa walikuwa na shughuli nyingine, na nyumba ikajazwa na waliotoka njiani.

Hapa tunaona neema, na tunaitaja kwa jina lake. Danet hakupanga hivyo, wala mfalme. Mungu hutumia kazi njema iliyofanywa kwa uaminifu hata pale ambapo aliyeifanya aliandika jina la mteja asiye sahihi.

Neno kwetu

Karibu miaka 200 baada ya Danet kuanza kazi yake, padre mwingine Mfaransa alifika pwani yetu. Charles Sacleux alifika Zanzibar mwaka 1879, akafanya kazi Bagamoyo, na mwaka 1891 akatoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili. Baadaye, akiwa mzee, alitoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kuchapwa Paris mwaka 1939. Yeye hakuwa na Cicero wa Kiswahili wa kumfungulia rafuni. Ilimpasa kusikiliza watu, na akaandika lahaja za pwani hii kwa uangalifu ambao wasomi wanautegemea hata leo. Kabla yake Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa kwetu kwa malezi ya Kilutheri, alifika Mombasa mwaka 1844 na akafanya vivyo hivyo. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Hawa walifanya kile ambacho Danet alikaribia kukifanya: walikwenda sokoni.

Nasi je? Tuna jambo la kuungama. Katika darasa moja la kipaimara tulimwuliza kijana aliyekariri vizuri sana: unaposema Kristo amekukomboa, maana yake nini? Alinyamaza, akatazama chini, kisha akasema: ni kama mtu ameweka simu yake rehani kwa Mangi, halafu anakwenda na hela kuikomboa. Darasa likacheka. Sisi nasi tukacheka, tukampa jibu lililo sahihi kwa maneno marefu ya kitheolojia. Ni usiku, tukiandaa mahubiri, ndipo tulipotambua kwamba katika chumba kile kijana yule peke yake ndiye aliyejua neno hilo linaishi na nani. Kitu ni cha mwenyewe, kimekwama mkononi mwa mwingine, na mwenyewe analipa gharama ili kirudi. Hiyo ni Injili, na sisi tuliifunika kwa Kilatini chetu.

Tulirudi darasani wiki iliyofuata tukamwomba radhi mbele ya wenzake. Hakuelewa mara moja tunaomba radhi kwa lipi, na hilo liliumiza zaidi, kwa maana alikuwa ameshakubali kwamba maneno ya nyumbani kwao hayafai kanisani.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kanisani aliona bora maneno matano yanayoeleweka kuliko maneno elfu kumi katika lugha isiyofahamika. Wachungaji, wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili tunayo kamusi ya kutunga, ingawa haitachapwa. Tuwaulize wazee wetu wanasemaje neema, toba na amani katika lugha zao za nyumbani, kabla hawajaondoka na maneno hayo. Tuwasikilize vijana kabla ya kuwasahihisha. Na tukimaliza kueleza neno la Mungu, tuwe tayari kumwambia mwenye nguvu maana yake inamhusu, hata kama ndiye aliyetuletea meza.

Padre Danet tumwachie Bwana, aliyeziona saa zake zote za kuinama juu ya maneno. Sisi tulioachiwa kazi tuangalie ukurasa wa kwanza wa maisha yetu, tuone ni jina la nani limeandikwa pale. Kama ni la mkubwa fulani, bado kuna nafasi ya kulifuta na kuandika la yule kijana wa kipaimara. Amina.